Kichwa cha Ndolo na Maswali ya Kanyiva

Injini ya dizeli inakohoa, inanyamaza, kisha inashika, na mabati ya kibanda cha kusaga unga yanaanza kutetemeka. Ni asubuhi ya siku ya soko hapa Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui. Mbuzi wanalia kwenye lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Wanawake wenye madebe ya mahindi wamejipanga kando ya ukuta.

Kabla hajagusa gunia la kwanza, Kanyiva Musyimi anatoa pakiti ya vidonge mfukoni mwa aproni na kuiweka juu ya meza, mahali ambapo kila mtu anaiona. Anarudi nyuma.

Mdogo wake, Ndolo, anaichukua. Anasoma jina la dawa akifuata herufi kwa ukucha. Anaigeuza na kukagua upande wa nyuma, isije ikawa kuna mtu aliyeitoboa. Halafu anatoa kidonge mwenyewe, anachota maji mtungini kwa kikombe chake mwenyewe, na kumeza.

Wanawake kwenye foleni wanatazama kando. Mmoja anashika debe lake kwa mikono miwili.

"Hakuna kitu kinachofanywa chini ya meza katika kibanda hiki," anasema Kanyiva, akifunga leso kichwani. "Akitaka kukagua mpaka saa nne, akague. Unga utangoja."

Kanyiva ana umri wa miaka 41, Ndolo 34. Kwa miaka minane Ndolo aliishi na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia bila kumeza hata kidonge kimoja. Hiyo ndiyo sababu watu walitoka Nairobi wakitaka kupiga picha ya ubongo wake. Ndiyo sababu pia nusu ya soko hili inaamini kwamba dada yake alikiuza kichwa cha ndugu yake.

Haikuwa rahisi kumfanya Kanyiva azungumze. Kwanza alitaka kujua ni nani aliyemtuma mwandishi, na kama gazeti linalipwa na wale watafiti. Kisha akauliza kwa nini simu inayorekodi imewekwa upande wa Ndolo na si upande wake. Simu ikasogezwa, ndipo akavuta kiti.

Zamani Ndolo alikuwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Sultan Hamud, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Alipima misumari, akakata nyaya za umeme kwa mita, akafunga duka jioni. Mwenye duka, Muktar, ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki, alimwachia funguo zote.

Ugonjwa ulianza polepole. Ndolo alimpigia dada yake simu akasema wateja wanalitaja jina lake wakiwa nje ya duka. Baadaye akasema wanajua anachofikiria kabla hajafungua mdomo. Mwishowe akapata maelezo ya yote hayo: kwamba Muktar alimpitishia waya mwembamba sikioni siku moja alipokuwa amesinzia stoo, na sasa mawazo yake yanasikika duka zima kama redio.

Siku aliyosimama katikati ya barabara akiwazuia madereva wasisikilize kichwa chake, watu walimkamata kwa nguvu. Jino lake moja la mbele likavunjika. Ndugu zake walienda kumchukua na kumrudisha Ikutha.

Kanyiva hafichi walichofikiria nyumbani. Hawakuamini habari ya waya, lakini waliamini kijana wao amefanyiwa kitu. Wajomba zake wawili walirudi Sultan Hamud na mawe na kuuvunja mlango wa duka. Polisi walikuja, watu wakatawanyika.

"Hakuna aliyetafuta ushahidi," anasema. "Muktar alikuwa mtu wa kutoka mbali, na anaswali Ijumaa. Basi ikatosha."

Muktar bado ana duka lile. Alipopigiwa simu na gazeti hili, aliuliza mara moja kama kuna mashtaka mapya, akataka kupewa jina la mhariri. Alipotulia, alisema mlango alinunua mwingine. "Lakini mtu wa kumwachia funguo namna ile sijapata tena," akaongeza.

Nyumbani, mama yao, muumini wa kanisa moja la kiinjilisti, aliamini kwamba kumpeleka mwanawe hospitali ni kukiri kuwa maombi yameshindwa. Waumini walifunga na kukesha kwa ajili yake. Ndolo hakupona, na mama hakubadili nia hadi alipofariki mwaka juzi.

Katika miaka hiyo Ndolo alikataa chakula cha kila mtu. Alilima mahindi yake, akayavuna, akayachemsha mwenyewe. Alipohitaji unga alikuja na mahindi kwenye kibanda cha dada yake na kusimama kando ya mashine, asiondoe macho kwenye punje tangu zinapomiminwa mpaka unga unapotoka.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mashine ikinguruma, sauti zinazomsema zilipungua. Akaanza kuja kila siku. Akafagia, akakaza mkanda wa mashine, akajifunza kukoboa mahindi ya muthokoi, yale yanayotolewa maganda na kupikwa mazima. Alikuwa mgonjwa, lakini alikuwa na kazi.

Mapema mwaka jana akaja Nzioka. Alikuwa mtumishi wa nyanjani wa utafiti fulani, mwenye pikipiki na maneno laini. Alimweleza Kanyiva kwamba wanatafuta watu waliougua muda mrefu bila kutumia dawa, ili wapigwe picha za ubongo.

Kanyiva alimuuliza kwa nini wawe wasiotumia dawa. Nzioka akaeleza kwamba dawa zenyewe zinaweza kuubadilisha ubongo kidogo. Ukimpiga picha mtu aliyezitumia miaka mingi, hujui ulichokiona kimeletwa na ugonjwa au na dawa.

Maelezo hayo aliyaelewa. Ndiyo maana akauliza swali lililofuata.

"Kwa hiyo akiendelea kuugua bila dawa, kwenu ana faida zaidi?"

Anakumbuka kwamba Nzioka alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema si vizuri kulitazama jambo hivyo. Akaongeza kwamba nafasi ya mashine ingepatikana baada ya mwezi mmoja hivi, na akamwomba asimpeleke Ndolo hospitali kabla ya hapo. Baada ya picha, madaktari wakubwa wangemtibu bila malipo.

Kanyiva alikubali kungoja, ingawa moyo wake haukutulia. Alimtazama Nzioka akiondoka na pikipiki yake hadi alipokata kona, akajiuliza ni watu wangapi wengine walioambiwa wangoje.

Habari hazikukaa kibandani. Soko lilisema watu wa Nairobi wananunua bongo. Wengine walisema kuna kanisa la shetani ndani yake. Mkanda mpya wa mashine, ambao Kanyiva aliununua kwa akiba yake ya chama, ukageuka kuwa ushahidi kwamba amelipwa. Wateja walianza kuvuka barabara kwenda kwa mashine nyingine. Siku ya soko, ambayo zamani ilimpa karibu shilingi 1,500, siku hizi haifikishi 700.

Uvumi huo ulimfikia Ndolo pia. Kwa mtu ambaye tayari aliamini kichwa chake kinawindwa, kusikia kwamba kinawindwa kweli kulikuwa pigo. Aliacha kuja kwenye mashine. Aliketi chumbani mgongo ukiwa ukutani, akaacha kula hata unga aliousaga mwenyewe. Mifupa ya mabega ikaanza kuonekana.

Nzioka alipopita tena kuuliza hali, Kanyiva alisimama mbele ya gurudumu la pikipiki na kumwambia hataondoka mpaka ampe nambari ya mkubwa wake. Walisimama hivyo watu wakitazama. Mwishowe Nzioka akaitaja.

Aliyepokea simu ni Dkt. Ruqiya Kusow, daktari wa magonjwa ya akili anayesimamia utafiti huo. Aliposikia neno "ngojeni", anasema Kanyiva, alimtaka arudie maneno ya Nzioka neno kwa neno. Kesho yake gari lake lilikuwa Ikutha.

Daktari huyo analithibitisha hilo. Anasema sheria ya utafiti wao iko wazi: hakuna mgonjwa anayecheleweshwa kutibiwa kwa ajili ya picha. Nzioka aliondolewa kazini, lakini yeye hamtupii lawama zote.

"Watu ambao hawajawahi kutumia dawa ni wachache sana, na sisi ndio tuliokuwa tukimuuliza kila wiki amepata wangapi," anasema. "Kosa hilo lilianzia ofisini kwetu."

Siku hiyo alimwambia Kanyiva kwamba Ndolo aanze dawa mara moja, na habari ya picha isahaulike.

Kanyiva hakufurahi. Alitafuta mtego. "Mtu ametoka Nairobi kwa gari kutafuta kitu, halafu anakwambia kiache," anasema. "Nilizunguka lile gari nikichungulia. Nilitaka kujua limebeba nini kingine."

Ndolo naye alikuwa na hesabu zake. Aliona hijabu ya daktari, akasikia jina lake, akaamua ni dada yake Muktar. Daktari alimweleza kwamba yeye ni mtu wa Wajir na hamjui Muktar yeyote wa Sultan Hamud. Ndolo alitikisa kichwa kama mtu aliyetarajia jibu hilo.

Kisha akasema anakubali kupigwa picha.

Wanawake wale wawili walitazamana. Ndolo akaeleza kwamba ikiwa huyu ni dada yake Muktar, basi anajua waya uko wapi, na mashine itamuumbua mbele ya watu.

Dkt. Ruqiya alikataa kuipokea idhini ya namna hiyo. Aliketi juu ya debe lililopinduliwa na kumweleza taratibu mashine inafanya nini na haifanyi nini. Alimwambia waya hautaonekana kwa sababu haupo, na kwamba anaweza kumeza dawa leo hii na kuwaambia watafiti waende zao. Akamtaka arudie yote kwa maneno yake. Baadaye akamleta daktari mwingine, asiyehusika na utafiti, amuulize upya.

Kanyiva alikuwa mlangoni akisikiliza. "Inapiga picha," Ndolo alimwambia yule daktari wa pili. "Haitoi kitu, haiweki kitu. Nikitaka kutoka, natoka. Dawa nitapewa nikipiga picha na nitapewa nisipopiga. Wao wanasema waya haupo, mimi nasema upo. Nataka kwenda."

Daktari wa pili aliona kwamba ameelewa. Nafasi ikapatikana wiki hiyo hiyo. Kuhusu chakula, Dkt. Ruqiya alipendekeza mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa. Ndolo aliyakagua maganda yote, hakuona ufa, akala mayai manne mfululizo. Kanyiva alitoka nje akalia nyuma ya kibanda.

Safari ya kwenda hospitali Nairobi ilipita Kibwezi na Makindu kwa utulivu. Walipoukaribia mji wa Sultan Hamud, Ndolo alilala kwenye kiti cha nyuma na kujifunika koti kichwani. Dada yake alimwekea mkono mgongoni, naye akautupa. Hakuinuka mpaka mji ulipoachwa nyuma kabisa.

Hospitalini kulikuwa na jambo ambalo hata daktari hakulipanga. Kila anayeingia kwenye mashine ile huulizwa kwanza kama ana chuma chochote mwilini, kwa kuwa ndani yake kuna sumaku yenye nguvu kubwa. Mtaalamu wa picha aliuliza kama anavyowauliza wote.

Ndolo akajibu kwamba anacho, kichwani.

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Kwa taratibu zao, mtu akisema ana chuma, haingizwi mpaka ihakikishwe. Haijalishi ni nani aliyesema. Wakampeleka Ndolo kupigwa eksirei ya kichwa.

"Miaka minane alikuwa akituambia kuna waya," anasema Kanyiva. "Wengine walimcheka, wengine walimwombea. Hao ndio watu wa kwanza walioenda kutazama."

Picha ilipowekwa kwenye taa, Ndolo aliisogelea. Waya haukuwepo. Alisema mara moja kwamba hicho ni kichwa cha mtu mwingine. Kisha akaona pengo katika safu ya meno ya mbele. Aliingiza kidole mdomoni na kuligusa pengo lake, akaitazama picha, akaligusa tena.

Halafu akasema kwa sauti ndogo kwamba labda ni uzi, kwa sababu kuna nyuzi zisizoonekana hata kwa taa.

Hakuwa amepona. Lakini Kanyiva anasema alilisema hilo kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia, kama mtu anayeuliza.

Wafanyakazi waliwaonya kwamba mashine ya ubongo ina kelele za kutisha na wengi huomba kutolewa. Ndolo alilala ndani yake bila kutikisika mpaka mwisho. Alipotoka aliwaambia kelele zao ni ndogo kuliko za Ikutha, na kwamba ndani mle hakusemwa na mtu yeyote.

Kanyiva alitaka kuonyeshwa ugonjwa. Alitarajia doa, au mahali palipochorwa kwa rangi nyekundu. Dkt. Ruqiya alimwambia picha ya mtu mmoja haiwezi kusema hivyo. Wakiwalinganisha wagonjwa wengi na watu wengi wasio wagonjwa, huonekana kwamba kwa wastani baadhi ya sehemu za ubongo wa wagonjwa ni nyembamba kidogo, na nafasi zenye maji katikati ni pana kidogo. Lakini yuko mgonjwa ambaye ubongo wake hauna tofauti yoyote ya kuonekana, na yuko mzima ambaye wake unayo.

Jibu hilo lilimkasirisha. Alikuwa amelipia picha hiyo kwa wateja wake na kwa jina lake sokoni, na sasa anaambiwa haisemi kitu. Mpaka leo hajui kama aliambiwa ukweli wote. "Nafikiri aliniambia ukweli," anasema. "Lakini nikifikiri hivyo, najiuliza kwa nini nafikiri hivyo."

Dawa ilitolewa siku hiyo hiyo, na Ndolo akaikataa. Waliporudi Ikutha, jirani yao Kaluki alimshauri Kanyiva afanye wanavyofanya wengi: aisage, aichanganye na uji. Mtu akipata nafuu atashukuru baadaye.

Kanyiva alikataa, na hapa anashusha sauti ingawa mashine inanguruma.

"Miaka minane alisema kuna mtu anayeweka kitu kwenye chakula chake, na mimi nikamwapia kwamba hakuna. Nikiweka, yeye atakuwa msema kweli na mimi ndiye mwongo. Sasa nitamtibu nini?"

Akaanza kuiweka pakiti mezani kila asubuhi na kurudi nyuma. Ndolo alivitupa vidonge vya kwanza kwenye mtaro. Vingine alivirudisha kwa kijiti, asiviguse. Daktari alipiga simu mara kwa mara. Siku moja, kabla ya msimu wa kuvuna ndengu kwisha, Ndolo alikagua pakiti, akatoa kidonge, akameza, akachukua fagio.

Anapoulizwa kwa nini siku ile, anamtazama mwandishi kwa muda, kisha anaitazama simu. "Nilikuwa nangoja siku atakayoificha," anasema. "Hakuificha."

Nafuu haikuja kwa mkupuo. Mwanzoni alilala kupita kiasi na mikono ikamtetemeka hata akamwaga unga wa watu, mpaka daktari akapunguza kipimo. Amenenepa na halipendi jambo hilo. Sauti zinakuja mara chache. Kuhusu waya, anasema hajui, ila ameacha kuutafuta kila siku. Siku hizi ndiye anayepima mahindi ya wateja kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na hata wasiomwamini dada yake wanakiri kwamba vipimo vyake havina hila.

Wale waliovuka barabara hawajarudi wote. Asubuhi hii mwanamke mmoja ameleta mahindi ya kusaga lakini amekataa kuingia ndani ya kibanda. Kanyiva amempelekea unga nje.

Sasa watafiti wamepiga simu tena. Wanataka kumpiga Ndolo picha ya pili, kwa kuwa amekaa karibu mwaka mmoja na dawa na wangependa kulinganisha. Safari hii wameomba kitu kingine: ndugu wa damu asiyeugua awekwe upande wa pili wa kulinganisha. Wanamwomba Kanyiva.

Hajawajibu. Amewauliza maswali kwa simu siku tatu tofauti, na Dkt. Ruqiya ameyajibu yote. Swali moja hajamuuliza mtu. Yeye ndiye mzima wa nyumba hii, aliyewashuku Muktar, Nzioka, daktari, na sasa gazeti. Je, itakuwaje wakikipiga picha kichwa chake na kuona kitu?

Hata hivyo ameanza kupanga. Akikubali, anataka aingie yeye kwanza, kabla ya Ndolo.

"Mwaka jana mimi ndiye niliyekaa nje nimeshika viatu vyake, nikiwashuku watu wote waliopita," anasema. "Safari hii avishike vyangu."

Ndolo anazima injini. Kibanda kinatulia ghafla, na sauti za soko zinaingia. Anapoulizwa kama atakuwa tayari kukaa peke yake mlangoni, katika jengo lililojaa wageni, anakung'uta unga mikononi na kufikiri.

"Nitakaa," anasema. "Lakini kabla hajaingia, nitawauliza wanakitakia nini kichwa cha dada yangu. Na wajibu vizuri."